Mabuti Yaliyonipwaya

Baba Wankyo,

Uji uko kwenye sufuria. Ukinywa ufunike, kuku wasije wakaumaliza. Ndama mwekundu usimwachie kwa mama yake kabla hujakamua. Mimi nimewahi shamba la kijiji, leo ni zamu yetu kupandikiza mpunga.

~~Mabuti yako hayo mlangoni, yarudishe duka la ushirika.~~

Hapo nimekata. Usiyatafute, nimeyavaa.

Asubuhi mabuti uliyoninunulia yaliponipwaya nilikutolea maneno mbele ya watoto: miaka kumi na miwili ya ndoa, mwanaume hajui hata mguu wa mke wake! Ukabeba jembe ukatoka bila kunywa uji. Nikafagia kwa hasira, na nyuma ya mlango nikakuta kikapu chako. Soksi za blanketi, umezishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, na ndani umejaza pamba. Tena pamba safi ya kuuza, siyo fifi, ile chafu ya daraja la chini! Ndiyo maana ulichagua makubwa. Ndiyo maana juzi uliyajaza maji ukayaning'iniza kutwa nzima kuona kama yanavuja, na mimi nikakucheka.

Ungesema tu, bwana!

Maji baridi ya majarubani yalikuwaga yananiuma mpaka kwenye mifupa. Nikilalamika unanyamaza, nikadhani husikii. Asante sana, mume wangu.

Chumvi imeisha, kaombe kwa jirani Mbuke.

Jioni usichelewe. Nilikusema mbele ya watoto, na kukushukuru nitakushukuru mbele yao.

Mama Wankyo