Barabara Niliyoificha

Oberried, 14 Aprili

Vroni wangu,

Theluji imeyeyuka, na baiskeli yako nimeitia mafuta. Ofisini nilipewa kazi ya kuorodhesha barabara tulivu za kutiwa kwenye ramani mpya ya waendesha baiskeli. Ile yetu ya malishoni sikuiandika. Sikutaka ukirudi kutoka Hamburg uikute imejaa watu. Nikadai imefungwa kwa sababu ng'ombe wanateremshwa kutoka mlimani.

Bwana Hartl, mkuu wangu, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "We Korbinian, ng'ombe gani wanateremka Aprili? Hata kupanda kwenye malisho ya kiangazi hawajapanda!" Kisha uso ukabadilika. "Iandike leo, ama kesho usije kazini."

Niliogopa, Vroni. Nimeiandika. Ramani inatoka Mei. Njoo kabla ya hapo, hata kwa siku moja, tuipite tukiwa wawili tu.

Akungojaye,
Korbinian