Namba Mbili Niliyokutunzia

Baba Jovina,

Sijui hii itakukuta wapi, ndiyo maana naiandika mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Sisi tupo Ngara, chumba kile kile cha mbele, na steshenari yetu bado iko humo. Jovina anaandika jina lake sasa. Mdogo wake ameanza kutambaa, na anatambaa moja kwa moja kwenye nyaya. Nadhani amekuchukua wewe.

Unakumbuka siku ulipopitisha waya darini? Mimi nina mimba ya huyu mdogo, nimesimama chini nimeshika tochi, na wewe uko juu unakohoa vumbi. Ukasema, "Vuta." Nikasema nimevuta. Ukasema, "Hapana mama, vuta kama mtu unayenitaka." Nikacheka mpaka tochi ikaanguka. Ulishuka na utando wa buibui kichwani, ukaunganisha ruta, laptopu yako, kompyuta yangu na ile ya wateja. Ukakata vipande vya plasta, ukabandika kila moja namba yake. Yako mbili, yangu tatu, ya wateja nne. Ukanieleza kwamba hizo ndizo anwani zao humu ndani, na mashine mbili zikipewa anwani moja zitagombana mpaka nyumba nzima ikose amani.

Ulinifundisha pia kutafuta tatizo. Mtandao ukikata usirukeruke, ulisema. Gusa kitu kimoja, subiri, angalia, ndipo uguse kingine. Nilikuwa naona unanichelewesha.

Mtoto alipotimiza arobaini ukaenda Kahama kutafuta kazi. Miezi mitatu tu, ulisema. Ulichukua laptopu yako, na mimi ile namba mbili nikaiacha wazi. Simu ilikuwa kila jioni, ikawa Jumapili, ikawa "nitakupigia."

Mwezi uliopita nilipata kompyuta kuukuu kwa mtu wa Biharamulo aliyefunga steshenari yake. Niliifuata na mtoto mgongoni, nikapitia Nemba kumsalimia mama yako. Alifurahi, akampakata mtoto, akasema masikio ni yako kabisa. Halafu akasema, "Baba yake alipokuwa hapa juzi nilimwambia, huyu mtoto hata hujamzoea."

Nikauliza, "Alikuwa hapa lini, mama?"

Akanitazama. Akaelewa. "Alilala siku mbili," akasema. "Mwanangu, mimi nilidhani anakuja kwako."

Uji alionipa nilikunywa nikaumaliza. Nikarudi Ngara na kompyuta mapajani, mtoto amelala mgongoni.

Nilipofika nikaipa namba. Mbili yako, tatu yangu, nne ya wateja. Nikaona moja haina mtu, nikaipa moja.

Kesho yake mtandao ukawa kama mtu mwenye kwikwi, unakuja unakata. Na ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba vyuo. Alikuja binti wa Murukulazo anaomba uuguzi, yeye na mama yake kwenye bodaboda moja, vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Fomu inafika nusu, inarudi mwanzo. Simu yangu unaijua, kitochi, haina mtandao. Kwenye steshenari ya stendi walishapita, foleni imefika nje.

Yule mama akaniambia, "Dada, huyo mtoto ananyonya mpaka mtandao?" maana mtoto alikuwa kifuani. Binti hakucheka. Akikosa siku ile ni mwaka mwingine wa kukaa nyumbani.

Nikafanya ulivyonifundisha. Bando lipo. Taa za ruta zinawaka. Nikaizima, nikaiwasha, vilevile. Nikabadilisha waya, vilevile. Ndipo nikaanza kuchomoa mashine moja moja. Nilipochomoa hii mpya, fomu ikafunguka yote. Nikairudisha, ikakata. Kumbe ni yeye.

Nikaiacha nje, tukatuma maombi ya binti. Jibu likaja kwamba yamepokelewa. Yule mama akasema, "Basi tumemsingizia mtoto." Tukacheka wote watatu. Natamani ungekuwepo usikie.

Walipoondoka nikafungua sehemu ya anwani kwenye kompyuta yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Pale pa njia ya kutokea nje pameandikwa moja. Moja ni ya ruta yenyewe. Hukuibandika plasta kwa sababu wewe uliijua kichwani. Mimi nilimpa mgeni namba ya mlango, na kila aliyetaka kutoka alikuwa anagongana naye.

Ilibidi nimpe nyingine. Tano ilikuwepo. Hata ishirini ilikuwepo. Ingekuwa kabla sijafika Nemba, ningeandika tano, wala nisingefikiri. Nilikaa pale mikono kwenye kibodi mpaka Jovina akauliza, "Mama, imeharibika tena?" Nikamwambia hapana. Nikaandika mbili. Nikakata plasta, nikabandika.

Mtandao umetulia tangu siku hiyo.

Sikufanya kwa hasira, Baba Jovina. Nimechoka kumtunzia nafasi mtu aliyefika hapo jirani akageuza. Upweke upo, sikufichi. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje bado nageuza shingo, na naongea na wateja kuliko wanavyotaka ili wasiondoke haraka. Lakini watoto wanakula, na mashine nikizizima na kuziwasha zinanisikia.

Hao ni wanao, siwafichi. Njoo mchana uwakute wameamka, chai ipo. Nakuombea afya huko uliko. Ila ukija na laptopu yako, ondoa kwanza ile namba ya zamani, maana sasa ina mwenyewe na nina wateja. Iache ruta ikupe yoyote itakayopenda, kama inavyowapa wageni.

Ni mimi,
Mama Jovina