Gari Lililoshika Sabato

Mkuyuni, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani na siyo kitandani, maana mdogo wangu Kasto ameniambia siku hizi unalala mchana, jambo ambalo sijapata kukuona ukilifanya tangu nizaliwe. Miguu inaendeleaje? Na kahawa, imechanua? Mimi ni mzima. Jua la huku na vumbi la gereji vimenifanya mweusi kuliko nilivyoondoka Mbinga, na mama akiniona atasema nimekonda hata kama sijakonda.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba mvua imenyesha vizuri. Nilicheka, halafu nilipokata simu nikalia kidogo. Mama ameniambia masikio yamezidi kuziba, na kwamba unaitikia tu ndiyo, ndiyo, ili nisijue. Baba, nimeshajua. Wala si aibu.

Kilichoniuma ni habari ya Kasto. Anasema umefunga banda la ufundi na unatafuta mtu wa kununua sanduku la spana. Umemwambia, "Fundi asiyesikia injini ni fundi gani?" Tena kwamba magari ya sasa yana kompyuta, hayakuhitaji wewe tena. Nimezunguka na maneno hayo kichwani, sijui niyaweke wapi. Sasa acha nikusimulie habari ya gari moja, nawe usome polepole, usiruke hadi mwisho kama kawaida yako.

Hapa mtaani yuko Mama Nyangeta, mjane, mtu wa Majita, muuza dagaa. Marehemu mumewe alimwachia haisi ya zamani, ile ya injini chini ya viti vya mbele. Siku za kazi inabeba magunia ya dagaa wakavu kutoka mwaloni, kule soko la samaki kando ya ziwa. Jumamosi inabeba kwaya, kwa kuwa wao ni Wasabato, na mama mwenyewe anaimba sauti ya pili, tena kwa nguvu.

Gari hilo likaanza ugonjwa. Jumapili hadi Ijumaa linakwenda bila neno. Jumamosi asubuhi, likiwa limejaa kwaya, likifika kwenye mteremko wa kuelekea Nyegezi, linazima. Halikohoi, halitikisiki, linakata tu. Na kwa kuwa siku hiyo wenyewe hawafanyi kazi, hakuna anayeruhusiwa kulifungua. Wanamalizia safari kwa miguu huku wanaimba. Jua likishazama, dereva anarudi, anapiga stata, linawaka mara moja.

Mtaa mzima ukasema gari limeokoka, linashika Sabato kuliko wenye Sabato yao. Watu walicheka sana. Mama Nyangeta hakucheka. Makambi, ile mikutano yao mikubwa ya kila mwaka, yalikuwa yanakaribia, kwaya imeanza kuulizia gari lingine, na shemeji zake walikuwa wanamshauri awauzie watu wa vyuma chakavu.

Likaletwa gerejini kwetu. Nikachomeka mashine ya kupimia, ikataja sensa ya krenki, ile inayoijulisha kompyuta kwamba injini inazunguka. Kompyuta isipopata habari hiyo, inazima kila kitu. Lakini mafundi wengine walishaibadilisha sensa hiyo kabla yangu. Nikaipima kwa mita, nzima. Nikapima nyaya, nzima. Nikalifuta kosa kwenye mashine, nikamrudishia mama gari lake. Jumamosi likazima palepale.

Hapo, baba, weka barua chini. Unaikumbuka sheria ya banda lako: hakuna kufungua boneti kabla kila mmoja hajasema anachokisia, na atakayekosea anaosha spana zote kwa petroli. Nimeziosha mimi utoto wangu wote, hadi leo nikinusa petroli nakuona wewe. Kwa hiyo kisia. Nimekwambia kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho hata mimi sikukijua wakati huo.

Umekisia? Haya.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukiwakatiza wateja wenye maneno mengi: "Usinieleze, nipeleke." Ijumaa jioni nikaenda kwa Mama Nyangeta kuomba nafasi ya kupanda na kwaya kesho yake. Nikamkuta uani, kajifunga khanga kiunoni, anamwaga maji ndani ya gari ndoo baada ya ndoo, anasugua sakafu kwa brashi na sabuni, huku anaangalia jua lilipofika.

"Nisalimie tu hivyo hivyo, mwanangu, nawahi," alisema. "Sabato ikiingia sishiki tena brashi. Siwezi kuwaketisha waimbaji wa Bwana kwenye harufu ya dagaa."

Nikaanza kushuku, lakini nikaomba nafasi tu, maana ulinifundisha kwamba kushuku bado siyo kujua.

Jumamosi nikapanda, mimi Mkatoliki peke yangu kati ya Wasabato, wakanipa na kitabu cha nyimbo. Pale kwenye mteremko, gari likakata. Nikainama kuinua zulia la mpira, Mama Nyangeta akanishika mkono.

"Leo hapana, mwanangu."

"Sifungui kitu, mama. Naangalia tu. Kuangalia nako ni kazi?"

Akamtazama mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akatazama ziwa.

"Angalia basi," akasema mama, "ila spana usishike."

Sikuwa hata na spana. Nikapitisha mkono chini ya zulia, ukarudi umelowa na unanukia sabuni. Maji ya Ijumaa yalikuwa yamelala humo usiku kucha, na gari lilipoinamisha pua yakakimbilia mbele, kwenye soketi ya nyaya zinazotoka kwenye sensa ile kwenda kwenye kompyuta. Nikaigusa, ina unga unga wa kutu. Gari likishinda juani, maji yanakauka, jioni linawaka. Jumatatu tukilipima, tunapima gari kavu.

Jumapili baada ya misa niliikata soketi ile, nikaweka mpya, nikaipandisha juu mbali na sakafu. Nilipomweleza Mama Nyangeta, alikaa kwenye kigoda akashika shavu.

"Yaani usafi wangu ndio uliokuwa unaliua? Na marehemu alikuwa anapangusa tu kwa kitambaa, nikawa namwita mvivu." Akacheka, huku anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Sasa naye anapangusa kwa kitambaa. Makambi wamekwenda na kurudi na gari lao, na Jumamosi mtaa hauna tena cha kuchekea.

Baba, angalia jambo moja. Pale mteremkoni injini ilikuwa imezima. Hapakuwa na cha kusikia. Mwenye masikio mazima na wewe mngekuwa sawa tu. Mashine ilijua jina la kosa lakini haikujua habari za Ijumaa. Nilichokuwa nacho mimi ni mkono, na neno lako la "nipeleke". Ninaogopa, baba. Ninaogopa ukikaa ndani hivyo utakwisha kabla sijapata likizo ya kuja kukuona. Na ninakupenda. Kwenye simu siwezi kulisema hilo, utanijibu habari za mvua.

Ndani ya bahasha nimefunga ile soketi kwa kipande cha gazeti. Utaona pini mbili zimekaa bega kwa bega, zimeloana maji yaleyale, lakini moja imeliwa karibu kuisha na nyingine inang'aa. Kwa nini? Nina wazo langu, ila silisemi kabla yako. Fungua banda, iweke mezani penye mwanga, ipapase, ukisie, uniandikie. Mwalimu aliyekuletea barua hii anarudi Mwanza likizo ikiisha, atapita kuchukua jibu.

Msalimie mama, mwambie kitenge nimekipata, rangi ile ile anayoitaka. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, aache kuniulizia mchumba kila anapoonana na watu. Kasto mwambie nashukuru kwa umbea wake, safari hii umefaa.

Sanduku usiliuze, baba. Ukiuza spana, atakayekosea ataosha nini?

Ni mimi, mwosha spana wako,
Anastazia