Wakufunzi Tumewapata, Shangazi!

Kijiji cha Hewani,
Garsen.
16 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Rachael,

Shikamoo. Vipi baridi ya Eldoret, na goti lako je? Sisi huku tu wazima. Mto umeshuka, migomba iliyosalia baada ya mafuriko imeanza kuzaa, na Baba anakula vizuri.

Nina furaha ambayo simu haitoshi kuieleza. Ile kazi niliyopewa na mradi wa afya, ya kutafuta wakufunzi wanane wa kuwafundisha vijana kujikinga na virusi vya Ukimwi, imefaulu! Lakini nusura nishindwe.

Kwanza nilitangaza kanisani. Wakaja walimu wastaafu na mashemasi. Ni watu wazuri, ila kijana gani atamwuliza shemasi habari za kondomu? Nao wenye mradi wakaniambia nisipoleta majina kufikia Ijumaa, mafunzo yanapelekwa kwingine.

Jumatano nikaenda Minjila, kwenye stendi ya bodaboda. Mwaringa, ambaye waendeshaji wenzake wote humsikiliza, alinikatalia mbele ya watu. "Dada Metrine, nikivaa fulana yenu watasema ninao. Nani atapanda pikipiki yangu?" Wakaangua kicheko.

Hapo jirani kuna msusi, Kahaso. Aliacha kichwa cha mteja nusu akaja katikati yao. "Mimi ninavyo hivyo virusi," akasema. "Nilizaliwa navyo. Nina miaka ishirini na mitatu, dawa nameza kila siku, na dada zenu nawasuka mimi. Andika jina langu."

Nilimvuta kando nikamwambia hakuhitaji kujitangaza ili apate nafasi. Akanijibu, "Najua. Nimechoka kujificha." Nilihofia riziki yake. Kumbe yule mteja hakuondoka hata kidogo, alikuwa amekaa palepale, akaita, "Kahaso, njoo unimalizie."

Mwaringa akavua helmeti. "Basi niandike na mimi." Jioni nilikuwa na majina kumi na moja.

Wanane kati yao wamefunzwa Garsen wiki mbili. Juzi Jumamosi wakasimama uwanjani Tarasaa kwa mara ya kwanza, na vijana wakaja zaidi ya mia mbili! Mwaringa alionyesha kondomu inavyovaliwa, kwa kielelezo cha mbao, watu wakacheka hadi machozi, kisha maswali yakamiminika. Kahaso aliyajibu bila kupepesa macho. Foleni ya kupimwa ikazunguka hema.

Na Baba naye akapanga foleni! Baba, ambaye hataki ugonjwa huo utajwe nyumbani kwake. Kijana mmoja akamtania, "Mzee, na wewe?" Baba akamjibu kwa sauti, kila mtu akasikia: "Ndugu yangu Jasper alikufa nao, na mimi nilimfungia ndani asionekane. Ninyi msifanye hivyo."

Miaka kumi na tisa hajawahi kulisema hilo, Shangazi. Nililia, nikampa mkono, tukasogea pamoja kwenye foleni.

Nisalimie Levis na Lavender. Mume wangu Zachary na watoto wanakuamkia. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akurejeshe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Metrine