Kura Moja ya Pickett Run

Pickett Run, Ohio
3 Septemba 2017

Mpendwa mdogo wangu Lavonne,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba joto la Arizona limeanza kupungua. Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo nimekuwa mtabiri wa hali ya hewa bila mshahara. Mahindi ni mazuri. Shamba lako la magharibi, analolima Verl Snavely, ni zuri kuliko yote, naye anamtangazia kila mtu.

Nina ombi. Mwezi wa Novemba kata yetu itapiga kura juu ya kodi ya gari la wagonjwa. Kodi ya sasa inakwisha mwishoni mwa mwaka. Wananchi wakiikataa, akiba itatufikisha Juni, kisha tutafunga mlango wa kituo cha gari hilo. Ukipiga simu ya dharura, gari litatoka mjini, maili ishirini na mbili, kama halina safari nyingine.

Sasa, pale njia panda, kwenye shamba lako, Verl amesimamisha bango kubwa kama mlango wa ghala: HAPANA KODI MPYA. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, shamba si lako. Mwenye shamba kaniambia niweke." Sikuamini kuwa ni wewe. Kama kweli ni wewe, nakuomba umwambie aling'oe.

Wote wanakusalimu, hasa Kendra Rupp, mhudumu wetu mkuu wa dharura. Yule uliyemwacha akitambaa ndiye leo anayetuamuru sote.

Kaka yako,
Hollis

*

Arizona
20 Septemba 2017

Kaka Hollis,

Salamu. Mimi mzima, joto limegoma kupungua, na bustani yangu imebaki mawe matupu. Tangu mume wangu Roy afariki hapana mtu wa kugombana naye juu ya kumwagilia.

Ndiyo, ni mimi. Nilimwambia Verl aliweke, na lisipoonekana vizuri aongeze jingine. Nalipa kodi ya shamba na ya nyumba ya Baba, ambayo haina mtu tangu wapangaji wahame, na wala siruhusiwi kupiga kura. Ninyi mnakutana, mnakula tambi na kuku, mnainua mikono, kisha bili inanifuata mimi jangwani. Hilo nalo unaweza kulieleza, Mwalimu?

Na nikuambie jingine, maana nimelimeza miaka ishirini na minane. Wewe kunihubiria mimi juu ya gari la wagonjwa! Siku ile ya Baba ulikuwa na gari lako uani, lina minyororo magurudumuni. Ulikaa ukasubiri.

Bango litabaki.

Lavonne

*

Pickett Run
10 Oktoba 2017

Mpendwa Lavonne,

Nimefurahi kusikia u mzima, ingawa hukuuliza goti langu. Linaendelea.

Umeniomba nieleze, nami unanijua: mtu akinipa chaki sirudishi. Sheria inasema hivi: unalipa pale ardhi yako ilipo, unapiga kura pale unapolala. Naona ni haki, kwa sababu ardhi haiugui, anayeugua ni mtu aliyelala juu yake. Lakini pia ardhi yako ina watu. Verl anaishi juu ya mashine ya kuvunia kuanzia sasa hadi theluji, naye ana miaka sitini na sita na anakula soseji kila asubuhi.

Kuhusu bili yenyewe, nyumba ya dola laki moja huhesabiwa kwa kodi kana kwamba ni ya elfu thelathini na tano, na kila elfu moja hutoa dola tatu. Ni dola mia na tano kwa mwaka. Niliwachorea ubaoni ukumbini, na mama mmoja akasema, "Hollis, ulinifelisha hesabu mwaka sabini na nane, na leo ndiyo kwanza nimeelewa."

Sitaki kukudanganya kwamba sijivuni. Sisi wa kujitolea kwenye gari la wagonjwa tuko kumi na wanne. Kuna mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuna dereva wa basi la shule, kuna mke wa mchungaji ambaye akiitwa huacha sufuria motoni na mumewe ndiye huzima. Kuna mimi, miaka sabini na mitatu, naendesha Jumanne na Ijumaa. Redio ikilia kiunoni, dakika nne baadaye gurudumu liko barabarani. Waliotujia kutoka kata za jirani kuona tunavyofanya walikuja na madaftari.

Jumanne ya kura iko karibu. Nimezunguka nyumba mia tatu nikiwahimiza watu wapige kura mapema, wasije wakazuiwa na mavuno. Mimi mwenyewe nitapiga siku yenyewe, ukumbini kanisani, kama nilivyofanya kila uchaguzi tangu nirudi kutoka chuoni. Kendra amenisihi niende mapema. Nimemwambia mtihani haufanywi kabla ya siku yake.

Lile jingine uliloandika nimelisoma.

Kaka yako,
Hollis

*

Pickett Run
30 Novemba 2017

Lavonne,

Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilingoja kura zihesabiwe upya. Zimehesabiwa. Ndiyo, 212. Hapana, 212. Sheria iko wazi, nami nilikuwa nikiifundisha: kodi ikipata kura sawa, imeanguka.

Nataka usikie kwangu kilichotokea, kabla Verl hajakuandikia kwa namna yake.

Vituo vya kura hufungwa saa moja na nusu jioni. Nilikuwa nimevaa koti langu la Jumapili ili niende saa kumi na moja, watu wanapotoka kazini, wanione. Ndiyo, nilitaka wanione. Saa kumi na dakika hamsini redio ikalia: mwanamume, maumivu ya kifua, yuko juu ya mashine shambani, njia panda. Ilikuwa Jumanne. Zamu yangu.

Tulimkuta Verl amejilaza kwenye kiti cha mashine, rangi yake kama majivu, mita kumi kutoka kwenye bango lako. Kendra alipomwekea nyaya za kupima moyo kifuani, akamwambia, "Baba Snavely, usiongee."

"Nitaongea," akasema. "Kendra, gari hili ni la bei gani?"

"Lala chini."

"Nauliza tu. Hollis, wewe unaendesha kama bibi harusi. Nitakufa kwa uzee kabla ya kufika."

Nikamwambia, "Verl, ulishapiga kura?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa wa kwanza. Na unajua nilivyopiga."

"Najua."

"Basi usinigonge kwenye mti."

Hospitali yenye wataalamu wa moyo iko maili arobaini na moja. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mezani kwa madaktari. Tulirudi kwa kasi yote inayoruhusiwa gari lisipobeba mgonjwa, nami siendeshi zaidi ya inavyoruhusiwa. Tulifika kanisani saa moja na dakika thelathini na sita. Marlys alikuwa anafunga mlango. Amefanya kazi ile ya uchaguzi miaka thelathini. Alinitazama na koti langu, akasema, "Hollis, usiniombe." Sikumuomba. Tukasimama pale, yeye analia, mimi namtolea kitambaa.

Kendra alikuwa amepiga kura yake tangu Oktoba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kura iliyokosekana ni yangu. Niliwafundisha mia tatu namna ya kuepuka kosa hili, kisha nikalifanya mwenyewe kwa sababu ya koti.

Verl amewekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo na yuko nyumbani. Bango limesimama. Kata itauliza tena mwezi wa Mei.

Kaka yako,
Hollis

*

Arizona
8 Desemba 2017

Kaka,

Habari za goti? Umeona, nimeuliza.

Nilicheka nilipofika kwenye koti. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalazimika kukaa. Kisha sikucheka tena. Verl amenipigia simu. Nilimuuliza, "Ni kweli walikuchukua haraka?" Akasema, "Dada, nilibonyeza simu, nikatafuta mahali pa kutemea mate, nikainua kichwa, wakawa wamefika." Nikamuuliza basi Mei atapiga nini. Akasema, "Kura ni siri. Wewe na kaka yako ndio mmezoea kuanika mambo kwenye mabango."

Hollis, wewe unaeleza kila kitu. Ulinieleza kupatwa kwa jua kwa chungwa na kikombe. Ulinieleza kwa nini maziwa huchacha. Siku ile tu hujawahi kunieleza. Nilikuja kutoka Toledo, nilikokuwa naishi, nikamkuta Baba amefunikwa, na gari lako uani. Kwenye mazishi nilikuambia neno baya mbele za watu, nawe ukatazama viatu. Miezi minne baadaye mimi na Roy tukahama. Sasa nina miaka sitini na saba na bado sijui.

Nieleze.

Lavonne

*

Pickett Run
17 Desemba 2017

Mpendwa Lavonne,

Natumaini u mzima. Nimeandika barua hii mara tatu.

Ilikuwa tarehe 14 Februari 1989. Barafu ilikuwa imeshuka usiku na barabara zilikuwa kioo. Saa mbili asubuhi Baba aliweka kikombe chini na kusema mkono wake umekufa ganzi. Nilimlaza kwenye kochi, nikapiga simu mjini. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Akasema, "Gari linakuja. Usimsogeze." Nikamwambia nina gari lenye minyororo. Akasema tena, "Bwana, usimsogeze. Wanakuja."

Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Miaka yote niliwaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu. Kwa hiyo nilisubiri. Gari pekee la wilaya lilikuwa limekwenda kwenye ajali upande wa pili, lakini hilo hakuniambia. Baada ya dakika ishirini nilitoka nikawasha gari. Baada ya thelathini nilikuwa nimemvisha Baba viatu. Akaniambia, "Tulia, Hollis, wamesema wanakuja." Nikamvua viatu. Walifika baada ya dakika hamsini na moja. Yeye alikuwa ameondoka kwenye ya arobaini na nne, nikiwa nimeshika saa yake, kwa sababu alitaka nimsomee saa.

Ningemchukua, je, tungefika? Sijui. Ningeweza kutumbukia naye mtaroni. Madaktari wawili wameniambia majibu mawili. Nimeifanya hesabu ile miaka ishirini na minane na haitoki.

Sikukujibu makaburini kwa sababu ulikuwa umeuliza swali lililokuwa langu.

Novemba ya mwaka ule nilizunguka nyumba kwa nyumba, na kata ikakubali kodi ya kwanza. Tulinunua gari la mitumba lenye mlango usiofunga. Watu wanadhani niliomba kodi ile kwa sababu napenda kuhutubia. Niliomba ili mtu yeyote wa hapa asiwe tena na haja ya kuchagua kati ya gari lililoko uani na gari linalokuja. Nikajifunza kuendesha. Redio ikilia, kila mara, hata leo, naangalia saa.

Saa ya Baba ninayo. Ni yako ukiitaka. Naituma pamoja na barua hii, imefungwa kwenye soksi.

Kaka yako,
Hollis

*

Pickett Run
11 Februari 2018

Mpendwa Lavonne,

Habari za siku nyingi? Sijapata jibu, wala sijui kama saa ilifika. Hulazimiki kuandika. Nataka tu kujua u mzima.

Tunaendelea. Jumamosi tuliuza pankeki na soseji kwa ajili ya mafuta ya gari, na watu walikula kama waliotoka vitani. Verl alikuja, akala uji kwa amri ya daktari, akalipa bei ya soseji, akaondoka. Kesho yake nilipopita njia panda bango halikuwapo. Nilimkuta amelilaza chini ya trekta lake linalovuja, analala juu yake anapofunga nati. "Ubao mzuri huu," akasema. "Na usinianze."

Nikampa nati nyingine.

Kaka yako,
Hollis

*

24 Machi 2018

Kaka,

Usitume tena barua Arizona. Nimeuza nyumba. Naendesha kuja, niko Missouri, na mgongo unaniuma. Mwambie Verl awashe tanuri la kupasha joto katika nyumba ya Baba. Nasikia mwisho wa kujiandikisha kupiga kura ni tarehe tisa Aprili. Usifikiri nimeuza nyumba kwa ajili ya dola zako tatu. Nimeuza kwa sababu bustani ya mawe haisemi na mtu. Lakini kwa kuwa nitakuwa nalala huko, nitapiga kura huko. Wewe ndiye uliyenieleza.

Lavonne

*

Nyumba ya Baba, Pickett Run
9 Mei 2018

Kaka Hollis,

Salamu. Naandika ingawa naliona paa lako kutoka hapa, kwa sababu mdomoni sitaweza, na kwa sababu hupo. Barua hii nitaiacha chini ya birika la kahawa pale kituoni.

Ndiyo, 241. Hapana, 198. Najua unazijua, lakini nilitaka kuziandika kwa mkono wangu. Jana ukumbini mlinipigia makofi kana kwamba nilikuwa nimekuja na kura zote arobaini na tatu za ushindi mfukoni. Kilichonifurahisha zaidi ni wewe, umekaa pale na koti lako la Jumapili, huna la kufanya, kwa sababu mwezi uliopita nilikutia garini kwangu nikakupeleka mjini ukapiga kura yako mapema, siku ya kwanza, mlango ulipofunguliwa. Ulinung'unika maili ishirini na mbili.

Verl alikuwa kwenye foleni mbele yangu. Alikaa na karatasi yake dakika nyingi kuliko mtu anayejua atakachoandika. Alipotoka nilimwinulia nyusi. Akasema, "Dada, nyusi zako zirudishe." Hilo tu.

Leo asubuhi nilikuwa naosha vyombo dirishani nikasikia ving'ora vya kituo. Nilitoka barazani, panapoonekana kituo, na saa ya Baba. Hakuna haja ya mtu kuniambia kwa nini. Kwanza niliona gari la Kendra likija kituoni kwa kasi, kisha lako, ingawa leo si zamu yako, umevaa shati lisilofungwa vifungo, mzee mzima. Mlango wa kituo ukapanda. Mlipita mbele ya nyumba hii, mbele ya kochi lile lile, taa zinawaka, nawe ulikuwa umeshika usukani kwa mikono miwili kama unavyofundisha.

Nimesikia baadaye kwamba ni mtoto wa akina Hostetler, amekabwa kooni na zabibu, na kwamba tayari analia. Nyumba yao iko maili mbili baada ya hapa.

Dakika tatu na sekunde arobaini mpaka gurudumu likawa barabarani. Nimepima mwenyewe. Uliniandikia nne, Mwalimu. Sahihisha.

Saa ya Baba inakwenda vizuri. Ukimaliza kuliosha gari, njoo ule. Nimepika tambi na kuku.

Mdogo wako,
Lavonne