Kona Isiyokauka

Bweri, Musoma
Jumapili, baada ya misa

Kaka Otmari,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Mbinga? Mgongo wako unaendeleaje, na kahawa mmeshaanza kuchuma? Wifi naye, ule mguu umepoa? Sisi huku tunapumua. Neema anaongea siku nzima, anachanganya Kiswahili na Kizanaki cha baba yake mpaka mimi mama mtu ananipita. Shemeji yako mzima, anahangaika na dagaa wake. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo sijui niiweke wapi. Kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa sitasema tena, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kaka, nilikudanganya. Mama alipofariki nilikuwa nimejifungua siku sita tu, nikashindwa kuja kuzika. Ukanitunzia konzi langu la udongo wa kaburi kwenye kopo la maziwa, ili siku nikija niutupe kwa mkono wangu. Nilipokuja mwaka jana nikakuta kaburi mmeshalijengea, mmeweka na vigae. Mkaniacha pale peke yangu niage. Nikarudi ndani nikakwambia nimeutupa. Sikuutupa. Niumwage juu ya vigae, upepo uuchukue kama vumbi la barabarani? Nilifunga kopo kwenye kanga, nikaja nalo huku, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya unga.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mama mkwe alituma salamu kutoka Butiama kwamba atakuja kumwona mjukuu. Unanijua, nikisikia mgeni lazima niisumbue nyumba. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanachanganya rangi ya maji na mchanga uliochekechwa, wanapaka, kisha wanaburuta ufagio kabla haijakauka, ukuta unabaki na mistari mistari. Kazi hiyo sijawahi kuigusa. Shemeji yako akacheka, akasema wanawake wa Kimatengo tukikosa mlima wa kuchimba mashimo yetu ya ngoro tunalima hata ukuta.

Ndoo ya kwanza ilidondoka yote sakafuni, nilizidisha maji. Ya pili ikashika. Nikapaka sebule nzima nikiburuta ufagio nusu duara, nusu duara, mpaka ikabaki kona ya karibu na mlango wa jikoni, na mchanga ukawa umeisha. Hapo Neema akajikwaa nje akalia, nikatoka kumbembeleza. Shemeji yako akasema nisijali, ataikoroga yeye. Nikarudi, nikamalizia kona. Wakati wa kuosha vifaa ndipo nikaliona kopo la maziwa limesimama kando ya ndoo, tupu. Alilikuta juu ya kabati akitafuta cha kuongezea, akadhani ni mchanga nilioubakiza. Alivyofurahi kunisaidia, nikashindwa kumwambia.

Ukuta ulikauka siku ile ile, maana jua la huku halina utani. Ile kona haikukauka. Siku ya tatu, siku ya tano, ukiweka kiganja kinatoka na unyevu. Saa nane mchana, hakuna hata wingu juu ya ziwa, sebule inanukia udongo ulionyeshewa, ule mwekundu wa kwetu. Nikajiambia ni rangi mbaya ya dukani. Kisha nikaitazama mistari. Ukuta wote imelalia kulia, ndivyo mkono wangu unavyokwenda. Pale konani imelalia kushoto. Niliipaka mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Na unamkumbuka aliyekuwa akisiriba nyumba yetu kwa mkono wa kushoto. Kaka, niliogopa. Nikawa napita uani kwenda jikoni.

Mama mkwe akaja Jumamosi. Hakuna aliyemwambia lolote. Nikamwekea kiti, mgongo wake ukaelekea kona ile. Akakaa kidogo, akainuka, akakigeuza kiti, akatazama pale kwa muda. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Mwanangu, huyu mama mbona umemsimamisha? Sisi mgeni tunampaga kiti."

Nikasema hakuna mtu pale.

"Basi mwambie akae," akasema. "Amechoka."

Nikalia mbele ya mkwe bila aibu, nikamweleza yote. Hakushangaa. Aliniambia nibandue kwa mkono, nisitumie chuma. Kwingine ukuta umekuwa jiwe, ukucha hauingii. Pale udongo ulitoka laini kama ugali wa moto, nikaukusanya kwenye kopo lile lile, ukafika pale pale ulipokuwa mwanzo. Haukuzidi, haukupungua. Na ukuta nyuma yake ulikuwa mkavu kabisa.

Nilitaka kulirudisha kopo juu ya kabati, mama mkwe akakataa. Limekaa kwenye kiti sebuleni, na sisi tunakaa nalo. Shemeji yako nimemwambia sasa, amekuwa mpole sana.

Nisalimie wifi, na mama mdogo aliyemwosha mama nikiwa mbali, na mzee wa jumuiya aliyeongoza sala siku ile. Mwambie Neema atakuja kumwamkia.

Nikasirikie kwa uongo wangu, una haki. Lakini nitafika mwezi ujao na kopo hili mkononi. Ng'oa kigae kimoja kabla sijafika, kaka. Nisimfikishe mama nyumbani kwake mara ya pili akakuta pamefungwa.

Mdogo wako,
Kolumba, mama Neema