Kola Nyeupe za Mzee Wilf

Beeston, Nottingham
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mdogo wangu Duncan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Pauline na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina hasira nawe, na kwa kuwa kwenye simu hunikatiza kabla sijafika nusu ya neno, nimeona nikuandikie. Karatasi huwezi kuikatiza.

Alhamisi ile uliondoka klabuni umenuna, ukabamiza mlango wa ukumbi wa kanisa, ukaniachia mashine yako ya kupaka rangi mezani pamoja na maneno ya watu. Nimeyabeba maneno hayo siku zote hizi na sasa nimechoka.

Uliingia kama bwana harusi. Ukasogeza vilima na nyumba zetu za kadibodi, tulizozipanga mchana kutwa kwa ajili ya vita vya askari wetu wa kuchezea, ukaweka kile kidubwasha chako katikati ya uwanja. Ukatangaza kwamba kimepiga picha visanamu mia nne vya askari alivyoacha marehemu Baba, pande zote, kikajifunza mkono wake. Ukatia ndani kisanamu cha askari Mprusi wa kale, kisichopakwa rangi. Kikazungushwa, kikatemewa rangi na sindano za mashine kama paka anayepiga chafya, na baada ya dakika kumi na moja akatoka askari kamili, na koti lenye vivuli, na hata nukta za macho. Wazee wote wakasimama. Cyril Wragg, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimjue, alisema loo, Wilf kafufuka.

Kisha Cyril akavaa miwani. Unamjua, huyo huhesabu vifungo vya makoti. Akauliza huyu ni wa kikosi gani, ukamjibu wa jimbo la Silesia, kama wale wa kwenye sanduku la Baba. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema askari wa Silesia kola zao ni za njano, bwana wee, na huyu wako kavaa nyeupe. Wilf angekubali kukatwa kidole kuliko kupaka uchafu huo. Mwingine akadakia kwamba mashine yako imetoka kiwandani bila macho, ukainunulie miwani. Ukajitetea kwamba mashine haibuni kitu, inafuata ilichokiona. Hakuna aliyekuamini. Ukanigeukia mimi, mtoto wa nyumba ile ile, nikuokoe. Nami nikatazama kikombe changu cha chai.

Ulipoondoka, Cyril aliomba kura ipigwe kwamba jeshi lililopakwa na mashine lisikanyage meza yetu kamwe. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wangu. Halafu akapendekeza kuwe na kombe kila Krismasi, kwa kazi ya mkono tu, lichongwe jina la Baba. Wakapiga makofi. Wakasema binti wa Wilf ndiye atakayelikabidhi. Nina miaka hamsini na minane, Duncan, na pale mimi bado ni binti wa Wilf anayeleta chai.

Sikufichi, mashine ile naichukia. Terry, anayeishi kwa kuwapakia watu rangi askari wao, ameshapoteza wateja watatu mwaka huu. Na wewe nakuchukia kidogo pia. Uliyachukua masanduku ya askari mwezi Machi ukisema kwangu yanashika vumbi, utayatunza. Kumbe unayapeleka kwa hao jamaa wanaotengeneza mashine, na unatia saini kama mrithi kwamba kila askari amepakwa kwa mkono wa Wilfred Oldershaw. Hukuniuliza. Ungeniuliza, labda ningekwambia hili ninalokwambia sasa.

Mikono ya Baba ilianza kutetemeka miaka saba kabla hajafa. Wewe ulikuwa Bristol, ulikuja Krismasi, na siku hizo mikono aliificha mfukoni. Akaona aibu hata kwa daktari. Nikawa naenda kwake Jumanne na Jumamosi, yeye anachanganya rangi, mimi napaka. Mwanzoni alinikaripia sana. Baadaye akaacha kukaripia, na baadaye zaidi akawa anasinzia tu kwenye kiti huku nikifanya kazi. Katika wale mia nne, mia tatu ni wangu. Kombe alilopewa kwenye maonyesho ya visanamu ya Newark nililishinda mimi, akaenda kulipokea yeye, nami nikamshika mkono kupanda ngazi.

Wale wa Silesia niliwapaka wiki aliyolazwa hospitali. Kwenye kitabu cha sare nilifungua ukurasa wa kikosi kingine, nikawapaka kola nyeupe. Aliporudi nyumbani alimchukua mmoja, akamwinua dirishani, akaitazama kola. Nikasema nitawapaka upya wote thelathini na sita. Akasema waache, mama, wakionekana watu watasema tu mzee kazeeka. Akawaweka chini kabisa ya sanduku na hakuwapeleka klabuni hata siku moja. Wewe ndiye uliyewatoa.

Kwa hiyo mashine yako haikukosea. Nilijua hivyo ulipokuwa unachekwa, nikanyamaza. Kwa hilo peke yake naomba unisamehe.

Na hili ni la mwisho, maana lazima nilitoe. Ile mashine ilipokuwa ikifanya kazi niliutambua mkono wangu. Ninavyovuta brashi kwenye mkunjo wa koti, ninavyoweka nukta ya jicho pembeni kidogo ili askari asionekane kama ameona jini. Kwa dakika zile kumi na moja nilijivunia, Duncan, kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kisha wote wakasema ni Wilf. Hapo ndipo nilipoichukia.

Alhamisi hii nitasimama mbele ya Cyril na wenzake niseme nilichokuandikia, kabla jina halijachongwa. Wakinifukuza, wanifukuze. Wewe kabla ya siku hiyo waandikie watu wako wa mashine kwamba ulichosaini si kweli, na unirudishie masanduku yangu. Wakikuuliza ni mkono wa nani, waambie waje waniulize mimi.

Msalimie Pauline, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Goti usilipe kazi ya ngazi mpaka lipone.

Dada yako,
Lorna Oldershaw